Jino la Mbele la Kushoto

Mjukuu wangu ni fundi wa meno ya bandia. Yangu alinitengenezea yeye, na siku aliyonivisha nilitafuna karanga mbele ya wageni. Mkono wake ni mwepesi. Ila meno yake mwenyewe, meupe, yamepangika kama punje za mahindi, hakuyapenda. Alidai la mbele la kushoto limemzidi mwenzake.

"Bibi, hebu tazama."

"Yako sawa, mama."

Akienda kuswaki ananiuliza, akitoka ananiuliza. Nilificha vioo, akajitazama kwenye kijiko, kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye miwani yangu nami nimeivaa. Kazini wateja wanamngoja, yeye yuko chooni na rula. Shangazi yake akamwambia, "Na ulimi nao upime, usije ukawa umepinda." Mtoto akaacha kucheka mbele za watu, kisha akaacha kula nasi.

Miaka miwili nilimjibu neno lile lile. Asubuhi moja nachambua maharagwe, mawe tele, macho yananiwasha, akaja akapiga magoti akafunua mdomo. Mara ya tisa tangu tuamke. Nikasema, nipate kupumua tu:

"Haya, limezidi kidogo. Umeridhika?"

Hakulia. Alinibusu mkono. "Ahsante, bibi. Nilijua wewe hutanidanganya mpaka mwisho."

Akaenda kazini, akaiba dawa ya ganzi kwa daktari wa chumba cha pili, akajifungia na mashine ya kusagia. La kushoto likawa fupi kuliko la kulia. Akasaga la kulia. Bosi wake alipovunja kitasa, mtoto alikwisha kufika kwenye chonge, kifua kimelowa damu, rula mkononi.

Daktari aling'oa mabaki, sita ya juu. Akajitengenezea mengine, mazuri kuliko aliyopewa na Mungu. Shangazi akasema, sasa atatulia. Wiki haikuisha akayatoa, akaniletea kiganjani, pale pale kwenye ungo wangu.

"Bibi, hebu tazama."

"Yako sawa, mama."

"Ndivyo ulivyosema na yale."

Nikafunua kinywa nimjibu. Akainama, akanichungulia kinywani kwa muda mrefu.

"Hata yako nilikosea," akasema, akakinga mkono.

Niliyatoa nikampa. Ningemkatalia kwa neno gani? Huu mwezi wa pili nakunywa supu, na yeye bado anayasaga.