Balbu ya Mwanamvita

...na si kwamba hakujua itatokea namba gani, alijua hata kabla hajachomeka waya wa mashine ya kupimia chini ya usukani, P sifuri nne mbili sifuri, namba ya masega ya ekzosi, Abdulwahab angeweza kuiandika kwa chaki ukutani akaenda zake kunywa chai, lakini mashine ilikuwa bado inasoma, kimstari cha kijani kinatambaa kwenye kioo kidogo mkononi mwake, injini ya pikapu inanguruma, ile taa ya njano ya onyo inawaka kwenye dashibodi, na upepo wa Julai unapiga mabati ya gereji, upepo wa Tunduma unaoingia mpaka kwenye mifupa, ndiyo maana Nesta, mke wa mwenye gari, alikuwa ameomba mlango ufungwe, waya umepitishwa kwenye upenyo wa kioo, yeye amekaa ndani peke yake, kitenge mpaka kidevuni...

"Fundi, hiyo mashine yako inasoma polepole kuliko mtoto wa darasa la kwanza," alisema Kasiani, mwenye gari, ameegemea boneti apate joto. "Si ubonyeze tu taa izimike? Nataka niwe Kamsamba kabla jua halijawa kali."

"Mwache asome," sauti ya Nesta ilitoka kwenye upenyo wa kioo. "Una haraka kama unakwenda kuoa."

"Nimwoe nani tena? Huyu mmoja tu kila safari kichwa kinamuuma."

Kichwa... neno hilo lilimwingia Abdulwahab kama maji ya baridi shingoni, kila safari, amesema kila safari, tangu lini, tangu Mei labda, na Mei ndipo Kasiani alipomletea pikapu hii haipandi mlima, masega yameziba kwa ile petroli ya madumu, yale masega ndani ya ekzosi yenye vitundu kama vya nyuki, yanayochuja moshi, naye akayakata, akayabomoa kwa nondo, akayamwaga kama makapi, akaurudisha mtungi mtupu na kuuchomelea, kisha akaweka nati ndefu kuinyanyua sensa ya nyuma isiuonje moshi vizuri, ikae ikiamini masega bado yapo, na taa ikazimika, na Kasiani akampa mkono, sasa nati ipo, ameiona asubuhi hii alipolala chini ya gari, lakini taa imerudi, na alipokuwa amelala pale alisikia tsi, tsi, tsi, akaona masizi meusi yamezunguka mahali alipochomelea, chini kabisa ya gia, weldingi yake inapumua, ya Rabi, inapumua, akajifuta mikono akasema ngoja tupime kwa mashine, kana kwamba mashine inajua kitu ambacho masikio yake hayajui...

Kimstari kilifika nusu.

...na ile nyingine pia aliitoa masega na kuichomelea yeye, pikapu yake mwenyewe, mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, adhana inakaribia, akamaliza harakaharaka awahi msikitini, ndiyo, haraka ya sala, nani wa kumlaumu mtu kwa haraka ya sala, na ujanja wa nati alikuwa hajaujua bado, kwa hiyo taa ikawaka, na Mwanamvita, mkewe, aliyekuwa akienda naye Saza kuwauzia vitenge wake za wachimbaji, akasema, Abdu, hilo jicho la njano linanitazama mimi tu, niondolee, akasema kwa kucheka, naye jioni ile akafungua dashibodi akaing'oa balbu, kwa mapenzi tu, akamwonyesha kwenye kiganja, basi, limefumba, akasema sasa tunasafiri kwa amani, na balbu ile ipo mpaka leo kwenye kopo la misumari, haifiki hata nusu ya punje ya muhindi... safari ya pili kichwa, akamnunulia panado, safari ya tatu kichwa na kichefuchefu, akasema ni baridi, funga kioo upande wako, yeye mwenyewe kiwiko nje ya dirisha kama desturi ya madereva, na mkewe ameinama kwenye kitenge, karibu na gia, pale mpira wa kuziba tundu la gia ulipochanika, safari ya nne akamlalia begani, na yeye akapunguza mwendo kila penye shimo, asimwamshe, kilometa zote zile, asimwamshe...

"Daktari alisema moyo," alijikuta amesema kwa sauti.

"Nini, fundi?"

"Hamna. Inasoma."

...moyo, na watu wakakubali, alikuwa na presha, na Fauzia, dada wa marehemu, alipotoka kumwosha alikuja machozi yanamtoka na uso unang'aa, shemeji, midomo yake myekundu kama ya mtoto mchanga, ni nuru hiyo, amekufa mwisho mwema, na amekuwa akilisema hilo kwenye hitima, kwenye arobaini, kila Ijumaa kwenye simu, na Abdulwahab ameishi kwa midomo ile, ameila kama mkate, mpaka juzi msikitini Masudi muuguzi alipowaambia habari za watu wa kule Mbozi waliolala na jiko la mkaa chumbani, wote watano, akasema moshi ule hauonekani, unaifanya damu iwe nyekundu kupita kawaida, utadhani wamelala tu, midomo myekundu, na watu wote wakasema inna lillahi, isipokuwa yeye, yeye aliinama kutafuta kandambili ambazo tayari alikuwa amezivaa...

Mashine ililia mara moja. P0420. Chini yake ikauliza, ifute au isifute, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

...akibonyeza, taa inazimika, wanakwenda Kamsamba vioo vimefungwa, na hakuna atakayejua, na Fauzia atapiga simu Ijumaa, asipobonyeza, akimwambia Nesta ashuke, na kwa sababu gani, basi mdomo huohuo itabidi umwambie na Fauzia, dada, ile haikuwa nuru, ilikuwa ekzosi, ilikuwa mimi... astaghfirullah, na nani kasema haikuwa nuru, kwani Mungu anaomba ruhusa kwa fundi wa kuchomelea ili ampe mja wake nuru, kama Mwanamvita anayo, anayo, alikuwa nayo alipokuwa akiamka alfajiri kumpashia maji ya kutawadhia kabla hajajimwagia yeye, na angekuwa amesimama hapa sasa angeshagonga kioo kwa pete yake, angesema, Abdu, unangoja nini, mtoe huyo mama...

"Fundi, futa basi."

Kidole hakikushuka. Nyuma ya kioo cha gari Nesta alikuwa ameegemeza kichwa, macho ameyafumba, na hofu ya Abdulwahab ilikuwa ileile ya tangu asubuhi, ila sasa ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Nesta," alisema, akafungua mlango, "shuka kwanza, dada yangu. Shuka upate hewa."

"Na hii baridi, kaka fundi?"

"Shuka hivyohivyo."

"Kwani umeshaifuta?" Kasiani aliuliza.

Abdulwahab aliitazama taa. Ilikuwa bado inawaka.

"Sijaifuta," alisema. "Iache iwake. Na wewe, zima gari, uje nikuonyeshe kitu nilichokifanya."