Njia Mbili za Mambasa

Vumbi la Butembo lilikuwa bado limetanda juu ya boneti ya gari, laini kama unga wa mtama, na Zorobabel alichora ndani yake kwa kidole. Aliweka nukta moja, akasema hapa ndipo tuliposimama, Beni. Akaweka nyingine mbali kidogo, akasema hii ni Mambasa. Kisha akaziunganisha kwa mistari miwili: mmoja ulipanda kaskazini kupitia Eringeti hadi Komanda, ukapinda kama kiwiko cha mkono, wa pili ulikata moja kwa moja kupitia Mangina na Biakato, mfupi kama jibu la mtu aliyekasirika.

Kwaya nzima ilikuwa imelizunguka gari, shingo zimenyooshwa. Walikuwa wameteremka kutoka baridi ya Butembo alfajiri ile, na joto la Beni lilikuwa limeanza kuwavua masweta moja baada ya jingine. Safari yao ilikuwa ya Kisangani, kwenye tamasha la kwaya za makanisa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mto mkubwa unaopita pale. Tangu mwaliko ulipofika, akina mama waliokuwa wakisinzia mazoezini waliimba macho wazi, na waume zao waliota nyuso za umati wasioujua.

"Ya kwako iko murefu na inangojea basoda," Zorobabel alimwambia Jokébed, dereva mwenzake, akimaanisha wanajeshi wanaosindikiza malori. "Ya kwangu iko mufupi na haingojee mutu."

"Lakini ya kwako imekunywa mvua, yaya," Jokébed alimjibu. "Mutu wa pikipiki anasema imekunywa mupaka imelewa."

Watu wakacheka. Jokébed hakucheka. Alimwita Zorobabel yaya, kaka mkubwa, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha kuendesha. Kila alichokijua kuhusu matope, jinsi ya kuyasoma rangi yake kabla gurudumu halijayagusa, jinsi ya kusikia injini inapolalamika na inapodanganya, alikipata kwake. Miaka mingi sasa alikuwa akipakia watu katika pikapu na kuwapeleka Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori. Mwanzoni walikuwapo abiria waliopanda, wakaona mwanamke nyuma ya usukani, wakashuka tena na mizigo yao. Siku hizi walimngojea kituoni na kuwaacha madereva wengine wapite. Hata hivyo Zorobabel alikuwa bado akimkosoa mbele za watu, kwa upendo, kama baba anayemfunga binti kitambaa kichwani wakati binti mwenyewe ana watoto. Na Jokébed, aliyemheshimu mno hata asiweze kumkatiza, alikuwa akitamani kitu kimoja tu: awe sahihi siku moja mahali ambapo mwalimu wake amekosea.

Siku hiyo ilikuwa imefika, tena bila kutafutwa. Gari la Zorobabel lilivunja springi kwenye mteremko wa kuingia Beni, na fundi aliahidi kulimaliza mchana. Malori yanayosindikizwa na jeshi kutoka Eringeti hayakuwa na desturi ya kungoja springi ya mtu. Ama wote wangebaki na kufuata njia fupi pamoja, ama gari la Jokébed lingetangulia kwa njia ndefu na la pili liwafuate kwa njia fupi, wakutane Mambasa, ambako njia zote mbili huungana na kuwa moja hadi Kisangani.

Papa Vagheni, kiongozi wa kwaya, alikuwa mtu wa kupima neno mara mbili kabla ya kulitoa. Aliitazama michoro, akamtazama Jokébed, akamuuliza yeye kama dereva angefanya nini. Jokébed alisema angekwenda na msafara, sasa hivi. Sauti yake ilitoka imara kuliko alivyotarajia, na moyo wake ukaruka kama samaki.

Basi ikawa hivyo. Zorobabel aliomba abaki na wanaume, sauti za tatu na za nne, kwa sababu alihitaji mabega ya kusukuma ikiwa matope yangekuwa na ubishi. Wanawake walipanda na Jokébed, pamoja na papa Vagheni, aliyekaa mbele na nguo za kwaya mapajani. Zorobabel aliinama dirishani, akasema atakayefika wa pili ndiye atakayewapikia wengine, na akaongeza kwamba yeye anapenda sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta mengi ya mawese.

Oicha ilipita na mikeka yake ya kakao iliyoanikwa kando ya barabara, harufu kali ya mbegu zilizochachuka ikiingia madirishani. Pikipiki zilipita zimebeba ndizi, mabati, familia nzima. Bénite, binti aliyeimba sauti ya kwanza na ambaye hakuwahi kuvuka Beni maishani mwake, alikuwa akitangaza kila kitu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Eringeti walikuta malori yamepanga mstari, makubwa, kimya, na askari wakitembea kati yao. Walipoanza kusogea, Jokébed alijikuta kati ya lori la magogo na lori la chumvi, na alicheka peke yake kwa furaha ya kuwa mtu mmoja katika jambo kubwa namna ile.

Baada ya Eringeti kulikuwa na nyumba za watu waliokimbia vita, zimebaki kuta tu, na majani yameota mlangoni mpaka dirishani. Bénite aliacha kutangaza. Mama mmoja nyuma alianzisha wimbo wao wa tamasha, polepole, na wenzake wakauchukua. Lakini wimbo ule ulikuwa umetungwa uanze kwa sauti nzito za wanaume, na bila hizo ulining'inia hewani kama paa lisilo na nguzo. Papa Vagheni alijaribu kuimba sauti ya nne peke yake, alikohoa, akaacha. Jokébed alishika usukani na kuwaza kwamba hajawahi kuusikia wimbo ule ukiwa mtupu namna ile.

Walilala Komanda, na asubuhi barabara ikawachukua magharibi, miti ikizidi kurefuka pande zote. Walipoingia Mambasa jua lilikuwa bado halijachoma. Jokébed alizunguka mji wote mdogo ule akitafuta gari jeupe lenye turubai la buluu. Halikuwapo. Jokébed amewashinda wanaume! Wanawake walipiga vigelegele mbele ya mgahawa hadi wauza mikate wakatoka kutazama, na Jokébed, akiwa ameegemea mlango wa gari, alianza kulitengeneza jibu lake. Angelisema kwa upole. Angesema, yaya, ulichelewa wapi, tulidhani umekwenda Kisangani kwa miguu. Alilipindua mdomoni kama peremende, na kila alipolipindua lilizidi utamu.

Saa zilipita. Peremende ikaisha.

Simu za wanaume hazikushika mtandao. Mwanamke mwenye mgahawa, mtu mzima mwenye macho ya huruma, alisema bila kuulizwa kwamba tangu asubuhi hajaona gari lolote likitokea upande wa Biakato. Katika nchi ile kila mtu aliujua uzito wa barabara isiyotoa gari. Papa Vagheni alikuwa ameivua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Bénite, ambaye kaka yake Élisée alikuwa miongoni mwa wale wanaume, alikuwa amekaa juu ya jiwe akitazama upande wa Biakato, na hilo ndilo lililomuuma Jokébed kuliko vyote.

Jokébed alikwenda kwenye kituo cha jeshi mwisho wa mji. Askari waliokuwa pale walimwambia kwamba njia imetulia kwa siku hizo, ila imeharibika vibaya na mvua, na kwamba akitaka kwenda aende sasa na arudi jua likiwa juu. Aliporudi mgahawani alimwambia papa Vagheni kwamba anakwenda kuwatafuta, na kwamba atakwenda peke yake. Mzee alifungua kinywa kupima maneno yake. Kabla hajayapima, wanawake walikuwa wamekwisha kuingia garini, na Bénite alikuwa amekaa kiti cha mbele na mkanda ameufunga.

Barabara ile ilikuwa imelewa kweli. Jokébed aliisoma kama alivyofundishwa: nyekundu ing'aayo, epuka; kahawia yenye majani, amini kidogo. Mikono yake ilifanya kazi, lakini kichwani mwake alikuwa akimsikia Zorobabel akimkosoa, na kwa mara ya kwanza alitamani amkosoe kweli, hapa hapa, kwa sauti kubwa. Ni yeye aliyechagua kutangulia. Je, angengoja mchana mmoja tu, si wangekuwa wote pamoja hata kama ni matopeni?

Kabla ya kuwaona, waliwasikia.

Sauti ilikuja kutoka nyuma ya kona, chini bondeni, nzito, ikipanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Jokébed alizima injini. Ilikuwa sauti ya nne, na juu yake kidogo ya tatu, zikiimba mwanzo wa wimbo wa tamasha, na kila ubeti ulipofika kileleni zilikatika kwa mguno mkubwa wa watu wanaosukuma kitu.

Jokébed aliwasha tena, akapinda kona, na Bénite aliruka kabla gari halijakaa sawa. Bondeni lori la kakao lilikuwa limezama hadi mhimili na kuziba njia nzima. Nyuma yake kulikuwa na gari jeupe lenye turubai la buluu, na kuzunguka lori, watu wenye rangi moja, rangi ya udongo. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Wanawake walishuka kilimani wameshika sketi zao, na hapo ubeti ulipofika mahali pao waliingia bila kuambiwa, sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja, na wanaume wakageuka, nyuso zao zimejaa matope, meno tu yakionekana.

Jokébed aligeuza gari, akarudi kinyumenyume hadi ukingo wa bwawa lile la tope, kamba ya chuma ikafungwa. Alisikia injini yake ikilalamika, akajua haidanganyi, akaipa nafasi. Sauti nne zilipanda. Lori lilitetemeka, likatapika matope, likatoka.

Zorobabel alikuja dirishani mwake akijifuta macho kwa kiwiko. Alikuwa na tope hata masikioni. Hakuangalia springi yake, wala lori. Alimwangalia yeye, na Jokébed aliona kwamba mwalimu wake alikuwa ameogopa, pengine kwa ajili ya wanaume wake, pengine kwa ajili yao walioifuata njia ya basoda.

"Mulifika Mambasa saa ngapi?" alimuuliza.

Jibu lake lilikuwapo, lote, likisubiri tangu asubuhi.

"Hatuyafika bado, yaya," Jokébed alisema. "Panda gari lako."

Bénite alimtazama, akatabasamu, akaenda kumfuta Élisée matope usoni.

Asubuhi iliyofuata magari yote mawili yalisimama mwisho wa Mambasa, mahali ambapo hakuna tena njia ya kuchagua. Mbele kulikuwa na barabara moja na msitu. Zorobabel alimwashia taa atangulie. Jokébed alimuuliza papa Vagheni, aliyekuwa amerudi kiti cha mbele na nguo zake mapajani, kama anaijua njia baada ya hapa. Mzee alipima neno lake mara mbili.

"Hapana," alisema. "Hakuna mutu wetu mwenye kuijua."

Jokébed alitia gia. Miti ya kwanza ilifunga juu ya kioo, kijani, baridi, na nyuma yake, kupitia madirisha yaliyo wazi, alisikia watu wa gari la pili wakibishana ni nani atakayeuona mto kwanza.