Folda ya Takataka

"Dada, nimenakili kila kitu kwenye kadi," fundi simu alisema kwa uchangamfu. "Namba, ujumbe, hata picha zilizozibwa na kidole gumba. Kisha nikaifuta simu, sasa ni nyepesi kama unyoya."

"Na ile folda ya Takataka?"

"Takataka nazo nikuhifadhie?" Fundi akacheka.

Binti hakucheka. Marehemu mama yake alikuwa amejirekodi humo akisimulia maisha yake, akaiita hivyo ili wajukuu watundu wasiifungue. Binti alijua, ila asubuhi alipoileta simu aliona haya kumweleza mtu baki.

"Kwani kulikuwa na nini?"

"Sauti ya mama."

Kicheko kikamkauka fundi. Binti akapokea kadi, akashukuru, akatoka. Njiani alijaribu kuikumbuka sauti ile. Maneno yalikuja, lakini kwa sauti yake mwenyewe, si ya mama.