Kutokuwepo kwa Tarini

Tangu Tarini azame bwawani, baba yake, Devanath, hakukanyaga tena pale kando ya nguzo ya baraza, mahali mtoto alipopenda kucheza. Alipazunguka, na wanafunzi wake wakapazunguka, na hakuna aliyeuliza. Nchi nzima ya Mithila ilimjua kwa somo moja: kutokuwepo ni kitu, na macho hukiona. Chungu kikivunjika, wanamantiki wenzake hufundisha, kutokuwepo kwake huanza siku hiyo, na siku ya kwisha haipo.

Mkewe, Jayamati, alilelewa na baba wa shule nyingine ya fikra, mmoja wa wale wachambuzi wa maandiko ya ibada. Kwao, pasipo na chungu pana sakafu, basi. Alipoolewa walitaniana sana juu ya hilo. Sasa utani ulikuwa umekufa.

Siku hiyo mtoto wao wa pili, Gunakar, alikuwa alishwe wali kwa mara ya kwanza. Wali wa maziwa ulishaiva. Mama mkwe alikuwa amechora maua ya unga wa mchele kando ya nguzo ile ile, maana watoto wote wa nyumba hiyo walilishiwa hapo.

"Si hapo," Devanath akasema.

"Wapi basi, juu ya paa?" mama yake akamjibu. "Hata wewe ulilishwa hapo hapo, ukanitemea."

"Mama, pana mtu."

Bibi akamgeukia Jayamati. "Mumeo huyo! Wale wa shule inayosema dunia yote ni ndoto, angalau wao wanalala."

Jayamati alimkumbatia mtoto. Alijua akikubali leo, Gunakar atakua akiizunguka nguzo ile maisha yake yote, mgeni katika nyumba ya dada yake.

"Baba Gunakar," akaita.

"Baba Tarini."

"Haya, Baba Tarini. Tubishane. Nikishindwa, namlishia jikoni. Ukishindwa, utamkalisha hapo kwa mikono yako mwenyewe."

"Najua utasema nini. Sakafu tupu."

"Sisemi hivyo."

Desturi ya mabishano ilimtaka mtu aieleze kwanza hoja ya mpinzani, tena kwa nguvu kuliko mwenyewe, ndipo aipinge. Jayamati akafumba macho. Akasema Tarini hayupo, na huko kutokuwepo si mawazo ya wafiwa. Kulianza asubuhi ile, kukarudi nao kutoka bwawani, kukakaa hapa kwa kuwa hapa ndipo mama humtafuta kila atokapo jikoni. Kutabaki wao wakishakufa, nguzo ikishaoza, kiwanja kikishakuwa shamba la mtu asiyewajua.

Alipofumbua macho, Devanath alikuwa akilia.

"Sijawahi kuisema vizuri hivyo," akanong'ona.

"Sasa nijibu, mwalimu. Ukitandika nguo pale kilipovunjika chungu, kutokuwepo kwa chungu kutaondoka?"

"Hapana."

"Kutasukumwa pembeni?"

"Hakuna mwili. Kitasukumwa nini?"

"Basi Gunakar akikaa hapo atamfukuza nani?"

Devanath akaenda hadi kwenye nguzo. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mwanawe, akamkalisha juu ya maua ya unga.

Mtoto alikula, akatema. Bibi akapiga makofi. "Baba yake mtupu!" Devanath akacheka, kicheko ambacho nyumba hiyo haikukisikia tangu msiba, akashika taulo lake akaenda kuoga, amenyooka mgongo kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jayamati alibaki na bakuli mkononi. Alikuwa ameshinda. Alijaribu kutazama kama walivyotazama kwao, aone udongo uliosiribwa na unga uliomwagika. Hakuweza. Alikuwa ameyaazima macho ya mumewe ili amshinde, na mumewe alikuwa ameondoka bila kuyachukua.

"Mnyanyue basi, nifagie," mama mkwe akasema.

Akainama, akamnyanyua Gunakar, akampachika kiunoni. Lakini hakuinuka. Alibaki ameinama, mkono wa pili ameunyoosha kando ya nguzo, akisubiri ushikwe.

"Inuka, mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa sauti ya chini. "Mtoto ni mmoja tu."