Jiwe la Chiriku

Baba yangu alikuwa fundi wa sakafu za terazo. Miaka thelathini na moja alipiga magoti katika kumbi za hospitali na shule, akisugua saruji na vijiwe mpaka mtu akipita anaona uso wake chini. Magoti yake yalikuwa na sugu kama visigino. Mama alikuwa akisema, "Huyu amepiga magoti kuliko mtawa, na bado hajui kuomba msamaha."

Kokoto za kazi zililetwa na lori kutoka machimboni, na kwenye lundo hilo ndiko alikookota jiwe lake la kwanza. Lilikuwa la kahawia, limejisokota, halina sura. Akalikata, akalipiga msasa, ndani ikatokea rangi ya asali yenye madoa ya moshi. Mpima miamba wa machimboni alipolishika alicheka akajishika kiuno.

"Fundi, unajua hiki ni nini? Mavi. Mavi ya dinosaria, yamelala ardhini mpaka yakawa jiwe."

Mwingine angelitupa na kunawa mikono. Baba alilifunga kwenye leso akalileta nyumbani.

"Miaka yote napigana na mavi ya watoto," mama akasema, "leo mume wangu kaniletea ya mjusi. Tena anataka yakae kabatini, jirani na vikombe vyangu."

Yakakaa. Mama alipofariki yalikuwa kumi na manne, yamepangwa rafu ya juu, na ni yeye aliyekuwa akiyapangusa vumbi kila Ijumaa huku akiyatukana.

Baba alinifundisha kuyatambua. "Lilambe," aliniambia. "Kokoto ya kawaida itateleza. Hili litakushika ulimi. Lina vipande vya mifupa ndani, na mfupa wa kale una kiu." Binti yangu, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata usingizini, alijifunza kulamba mawe kabla ya kujua kufunga vifungo. Shangazi, dada yake baba, alimkuta siku moja akakaribia kuanguka kwa mshtuko.

"Mtoto analamba mavi na mama yake anacheka! Ndiyo malezi mnayofundishwa siku hizi?"

Jiwe bora kuliko yote baba alilipata wiki aliyozaliwa Chiriku. Lilikuwa kubwa kama yai la bata. Alipolikata, katikati palikuwa na jino dogo jeusi, lenye ncha kama ya sindano. Jino la samaki, alisema, aliyeliwa na mnyama huyo siku moja ambayo hakuna aliyekuwepo kuihesabu.

"Hili la mjukuu wangu," akaahidi. "Siku nikilimaliza nampa mwenyewe, mkono kwa mkono."

Hakuwa na haraka. Lilikaa miaka minne likisubiri zamu nyuma ya mawe mengine. Na ndani ya miaka hiyo ugonjwa ukaingia. Ulianza kwa kusahau funguo, kama tunavyosahau sote. Kisha akasahau njia ya kwenda kinyozi. Kisha asubuhi moja akaniuliza mama amekwenda wapi mbona chai haijaiva, nikajua. Daktari alisema dawa ya kuurudisha ubongo nyuma haipo. "Mpeni kazi ya mikono aliyoizoea," akasema, "itamtuliza."

Nikamtolea meza uani, karibu na cherehani yangu, na beseni la maji, na misasa yake. Alichagua jiwe lenye jino.

Kazi yenyewe ina daraja zake. Unaanza na msasa namba sitini, unaokula jiwe kama panya. Unapanda mia na ishirini, mia mbili, mia nne, hadi elfu tatu ambao ukiugusa unadhani ni shavu la mtoto. Mwisho unang'arisha kwa kipande cha suruali kuukuu ya jinzi. Kila hatua ni ndani ya maji, na kabla ya kupanda unanawa mikono na kubadili maji, maana punje moja ya namba sitini ikibaki itakuachia mkwaruzo. Baba hakuwa na haja ya kukumbuka yuko hatua ipi. Vidole vilimwambia.

Siku ya nne, jioni, aliliinua juani. Jino lilionekana kama limeelea kwenye asali. Akamwita Chiriku, akampa. Chiriku akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha.

"Asante, babu."

Nilishona shati zima sioni uzi, kwa machozi.

Asubuhi nikamkuta baba akipapasa meza. "Jiwe la mjukuu liko wapi? Sijalimaliza."

"Ulimpa jana, baba."

"Nimpe vipi na lina mkwaruzo?" Akaendelea kupapasa. "Nilimwahidi yule mtoto. Mnataka nionekane mwongo?"

Nikalitoa chini ya mto wa Chiriku. Nililigeuza juani pande zote na sikuona mkwaruzo wowote. Baba akapitisha kidole gumba, akatikisa kichwa. "Huu hapa. Mtoto hapewi kitu chenye mkwaruzo." Akachukua msasa namba sitini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baada ya siku nne alimpa tena, na Chiriku akapokea tena kwa mikono miwili. Kesho yake mkwaruzo ukaonekana tena. Lilipompita mkononi mara ya tano lilikuwa yai la kuku. Mara ya kumi nilipolipima kwa futi yangu ya kushonea, lilikuwa limebaki unene wa kidole, na ncha ya jino imekwisha kuliwa.

Ndipo nilipoanza kufanya ujanja. Niliokota kokoto ya kahawia barabarani, nikaisugua kidogo, nikamwekea mezani. Akaipima mkononi. Kisha akailamba.

"Limeteleza," akasema, akanitazama kwa huruma. "Mama, nani kakuuzia hili? Wamekuchezea. Pole sana."

Nikaficha msasa namba sitini. Alisugua na ule laini asubuhi nzima, akauinua, akaunusa. "Msasa huu umekufa," akasema. Akaweka mikono mapajani. Siku mbili hakugusa chakula wala chai, akawa anautazama ukuta kama mtu anayesubiri aitwe jina lake.

Shangazi alinivuta pembeni. "Mrudishie."

"Atalimaliza jino, shangazi. Ndicho kitu pekee alichomwekea mtoto."

"Jino! Mwanangu, unalinda jino la samaki aliyekufa kabla ya Adamu, na ndugu yangu unamwacha akauke?"

Nikamrudishia msasa. Akanishukuru kama mtu mgeni, "Ahsante dada," akainama juu ya beseni, na baada ya nusu saa alikuwa akipiga mluzi.

Jioni hiyo, nikimsuka Chiriku, nikamuuliza, "Jiwe la babu likiisha utafanyaje?"

"Haliishi. Kila siku anamaliza."

Nilijua litaisha. Nililiona likipungua kwa macho yangu. Kila alipolirudisha mikononi mwa mtoto nilihesabu zimebaki safari ngapi, na niliiogopa siku ambayo angepapasa beseni akakuta maji matupu yenye tope.

Siku hiyo haikufika.

Alimpa jiwe siku ya Jumatano. Lilikuwa jembamba kama kipande cha sabuni kinachobaki mwisho, mwanga unapita, na jino limebaki shina tu, kidoa cheusi kama mbegu ya ufuta. Chiriku akapokea. Alhamisi asubuhi nikalitoa chini ya mto, nikaliweka mezani, nikajaza beseni, nikapanga misasa kwa namba zake.

Baba alikaa. Alivitazama vile vitu.

"Vya nani hivi?" akauliza kwa adabu. "Mwenyewe asije akatukuta tumekaa kwenye kiti chake."

"Vya kwako, baba. Jiwe la mjukuu. Halijaisha."

Akatabasamu, tabasamu la mtu asiyetaka kumuudhi mwenye nyumba. Nikamshika mkono nikamwekea msasa kiganjani, na msasa ukaanguka. Niliuokota, nikamwekea tena. Nilikuwa nimelinda jiwe miezi mitatu, nikipigana na mkwaruzo ule usiokuwepo, na asubuhi ile ningetoa macho yangu auone tena.

Chiriku alikuja na mkate mkononi. Akalichukua jiwe mezani, akampelekea.

"Babu, angalia. Lina mkwaruzo?"

Baba alilipokea. Kidole gumba kikapita juu yake polepole, kikaenda, kikarudi. Akaligeuza. Akalipeleka mdomoni, akaligusisha kwenye ulimi, na nikaona uso wake ukitulia.

"Hapana," akasema. "Hakuna hata mmoja. Hili limekamilika." Akaliinua juani. "Nani kalisugua?"

"Babu yangu," Chiriku akasema.

"Huyo ni fundi." Alimrudishia kwa uangalifu, mkono kwa mkono. "Mmemshukuru lakini?"

Chiriku akaweka mkate mezani, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, babu."

Baba akageuka kutazama nyuma ya kiti, aone ni babu gani ameingia.