Nyongeza ya Shangazi Severina

Apolonia alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Alikisema mara tatu mlangoni pa duka, na mara ya nne akiwa ameshapanda basi la Iringa, kichwa nje ya dirisha: "Shangazi, ufungue, ufagie, ufunge. Atakayetaka kununua mwambie nitarudi Jumatano."

"Nenda, mwanangu, nenda kwenye kipaimara cha mdogo wako. Kwani mimi sijawahi kuuza?"

Hapo ndipo Apolonia alipotakiwa kushuka.

Shangazi Severina alikuwa ameuza nyanya na viazi sokoni Uyole kwa miaka kumi na minane. Duka la Apolonia halikuwa na nyanya. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya stendi ya Mbeya, na ndani yake mlikuwa na mawe tu: kristali nyeupe kama barafu, nyingine za zambarau, vijiwe vyekundu, na mayai ya marumaru ya Songwe yaliyosuguliwa mpaka yakateleza mkononi. Baba yake Apolonia, mzee Kalinga, alibeba mizigo ya wapima miamba tangu ujana wake, na kwa kuwasikiliza akajifunza kazi kuliko baadhi yao. Alipofariki, mwaka mmoja kabla reli ya Zambia haijaanza kuchukua abiria, Apolonia aliacha ukarani akashika duka.

Wateja wa kweli walikuwa wachache: wahandisi wa reli, masista, na dereva mmojammoja wa malori ya Zambia. Waliobaki walikuja kulamba. Sijui nani aliwaambia watu kwamba jiwe hutambuliwa kwa ulimi. Wachimbaji walilamba ili rangi ionekane, wafugaji walilamba kuona kama ni chumvi ya ng'ombe, na wengine walilamba kwa sababu aliyewatangulia kalamba. Apolonia, ambaye hakuwa na sauti ya kumkemea hata kuku, aliandika kibao: TAFADHALI USILAMBE MAWE. Watu walikisoma kwa sauti, wakacheka, kisha wakalamba.

Alirudi kutoka Iringa Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi alipofika dukani, shangazi alikuwa ameshafungua. Apolonia alisimama mlangoni na kikapu chake mkononi.

Mawe yalikuwa yamepangwa mafungu. Makubwa chini, madogo juu, kila fungu limechongoka vizuri kama fungu la nyanya. Vikaratasi vyote alivyoandika kwa mkono wake, jina la jiwe na mahali lilipotoka, vilikuwa vimekunjwa na kuwekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unachezacheza.

"Vilikuwa vinaziba bidhaa," shangazi alisema. "Na meza sasa imetulia. Umeona?"

"Shangazi, umeuza?"

"Nimeuza! Mafungu kumi na moja. Wewe tangu Pasaka umeuza nini?"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Apolonia alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi jiwe ambalo halikuwa na vumbi. Ndivyo alivyokasirika. Alifuta la pili, akafuta la tatu, kisha akavuta droo.

"Kile kiberiti kiko wapi?"

"Kiberiti gani?"

"Kilikuwa hapa chini ya daftari. Kina pamba ndani."

"Aa, kale kajiwe ka kijani! Nilikatoa nyongeza. Kiberiti chake hiki hapa, kitupu."

Kitambaa kilisimama.

"Mbona unaniangalia hivyo? Mtu kanunua jiwe kubwa, zito, amelibeba kwa mikono miwili. Nimwache aende hivihivi? Kalikuwa kadogo kuliko yote, Apolonia. Punje ya hindi! Ningempa nini, yai la marumaru?"

Jiwe lile lilikuwa la Maganga, mchimbaji wa Makongolosi. Alikuwa amelileta wiki mbili zilizopita, akisema ni zumaridi, si kipande cha chupa, na kuomba lihifadhiwe mpaka mtaalamu mmoja wa kambi ya reli apite kulitazama. Apolonia alipotaka kumwandikia karatasi, Maganga alikataa. "Baba yako hakuniandikia karatasi hata siku moja," alisema. Na leo alikuwa anakuja, kwa basi la Chunya linaloingia saa nane. Akilikosa jiwe lake, hatasema limepotea. Atasema binti wa Kalinga amelila. Na huko Makongolosi hatabaki mchimbaji hata mmoja wa kumwachia binti huyo jiwe.

"Ulimpa nani?"

"Ng'washi. Yule Msukuma wa Usangu anayeuza samli karibu na kibanda changu. Leo yupo sokoni. Ngoja nibadilishe kanga twende."

"Shangazi, hiyo kanga inatosha."

"Nitaonekana Uyole hivi?"

Akabadilisha. Akatafuta kilemba kinachofanana nayo. Saa nne na nusu walipanda lori lililokwenda kuchukua viazi, na njia nzima shangazi alimweleza dereva jinsi biashara ya mawe inavyotaka mtu mchangamfu.

Ng'washi alikuwa mama mnene, mwenye shanga za buluu mkononi, na madebe ya samli mbele yake. Juu ya mfuniko wa debe moja lilikaa jiwe jeupe la Apolonia, kristali ndefu yenye pande sita, likizuia nzi. Mwenyewe alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, anakitikisa kwa nguvu. Mlikuwa na maji ndani na kitu kingine kinachogonga, kwacha, kwacha, kwacha.

"Mwangaluka, Ng'washi," shangazi alimwamkia kwa Kisukuma chake cha sokoni. "Kale kajiwe nilikokupa Jumatatu unako?"

"Ninako." Kwacha, kwacha. "Kazuri sana. Kana kona. Tangu nimekapata maziwa hayabaki kwenye kibuyu hata chembe."

Apolonia alielewa polepole, kama mtu anayesikia harufu ya kitu kikiungua jikoni kwake. Wafugaji huosha vibuyu vya maziwa kwa kutia maji na changarawe, kisha kutikisa.

"Mama," alisema, "samahani, mama. Tunaomba kumwaga."

Ng'washi alimwaga kwenye ungo. Vilitoka vijiwe vya kristali nyeupe vyenye makali, maji yenye utando wa maziwa, na ushanga mmoja wa buluu.

"Aa! Huu ulinikatikia Jumatatu hiyohiyo. Kumbe ulidumbukia humu!"

Ushanga ulikuwa umechakaa, umekuwa na ukungu kama jicho la mzee. Pembeni yake lilikuwepo jiwe la kijani. Apolonia alilifuta kwa kanga, akaligeuza juani. Pande zake zilikuwa laini. Kona zake zilikuwa kali. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akautazama ushanga, ambao ni kioo, akalitazama jiwe, akakumbuka baba yake akichora chupa kwa kristali nyeupe na kumwambia, kioo hakiwezi kushindana na hii. Siku tatu kibuyuni na changarawe ileile. Kipande cha chupa kingetoka kipofu kama ule ushanga.

"Mama, hili halikuwa la kutolewa. Ni la mtu. Naomba nilichukue."

"Nyongeza hairudishwi, binti yangu," Ng'washi alisema bila ubaya wowote. "Labda unipe nyingine."

Apolonia alimwahidi kristali ya zambarau. Hapana, hiyo itavunjika. Yai la marumaru? Ng'washi alicheka mpaka shanga zikalia: litapitaje kwenye mdomo wa kibuyu? Jua lilikuwa limefika utosini. Mwishowe vilikubaliwa vijiwe vyekundu vitano, na shangazi, ambaye hakuombwa kusema, akasema, "Na cha sita nyongeza."

Walirudi Mbeya wakamkuta Maganga amekaa kwenye kizingiti cha duka, kofia magotini. Apolonia alimpa kiberiti. Angeweza kunyamaza. Maganga alifungua, akalisogeza jiwe karibu na pua.

"Mbona linanuka maziwa?"

Apolonia alimweleza yote: nyongeza, Ng'washi, kibuyu. Alieleza akitazama sakafu. Maganga alilitia jiwe kiganjani.

"Nilikuachia wewe," alisema. "Sikumwachia shangazi yako."

"Ni kweli."

Apolonia alitoa ule ushanga, aliouomba kwa Ng'washi, akauweka kwenye kiganja cha Maganga kando ya jiwe, akamwonyesha. Huu ni kioo. Umekaa humo siku zilezile na changarawe ileile. Mtaalamu atasema lake, lakini chupa siyo.

Maganga alivitazama viwili vile. Akalilamba jiwe. Apolonia alikitazama kibao chake, akamwacha. Kisha mchimbaji akafungua pindo la shati lake, akatoa kifurushi cha kitambaa, na ndani ya kifurushi vijiwe vitatu, vya kijani vyote.

"Na hivi," alisema, "navyo vitikiswe."

"Baba, sio hivyo, tuna njia nyingine ya kupima..."

"Vitikiswe na yule mama. Nitamwambia na mwenzangu Asukile alete vyake. Tumekuwa tukidanganywa na chupa za bia miaka mingi." Akasimama, akavaa kofia. "Ila ufunguo wa droo ukae na wewe."

"Si niliwaambia?" shangazi Severina alisema, akirekebisha kilemba. "Kumbe nilikuwa nakupimia, mwanangu. Baba, ngoja kwanza, usiondoke hivihivi, chukua nyongeza!"

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye vijiwe vyekundu. Apolonia alipiga meza kwa kiganja, na mafungu mawili yakabomoka.

"Shangazi!"

Wote wawili walimgeukia. Hata yeye alishtuka, asijue sauti hiyo imetoka wapi.

"Nyongeza," alisema, akishusha pumzi, "chagua kwenye yale makubwa."