Maji Nyuma ya Nyumba

Efrazia aliweka kiganja ukutani, chini kabisa karibu na sakafu, akabonyeza. Vidole vikazama. Mvua ya mawe ilikuwa inayapiga mabati kwa nguvu, hata binti yake Jeska, aliyekuwa nyuma yake na beseni mkononi, alifungua mdomo akasema neno lisilosikika.

Jeska akamsogelea sikioni. "Nimesema maji yanaingia."

"Nayaona."

Matofali ya ukuta ule aliyafyatua mwenyewe, mwaka waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania na kurudishiwa kipande hiki cha kilima hapa Gishubi. Aliukanyaga udongo kwa miguu yake, akaujaza kwenye kibao cha kufyatulia, akaanika tofali moja moja na kuligeuza taratibu kama mtoto aliyelala. Kuni za kuyachoma hawakuwa nazo. Tofali bichi haliogopi mvua ya juu, maana bati hulikinga. Lakini likisimama ndani ya maji hunywa kutoka chini, kimya kimya, linavimba, na siku likichoka halikuambii. Yaliyo juu yake huja yote pamoja.

Chumba kile cha nyuma kilikuwa cha Lucia, mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameketi kitandani chini ya chandarua kilichokunjwa, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Tangu aanguke akaumia nyonga hakuweza kutembea bila kushikwa. Josephat, mwanawe, mume wa Efrazia, alikuwa Muyinga akipakua mahindi ya malori yanayotoka mpakani, na hakutegemewa kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumbani walikuwa wanawake watatu tu.

"Mama, tukusogeze chumba cha mbele."

"Niacheni kwanza. Nenda ukaone maji yanatoka wapi."

Efrazia alijifunika gunia kichwani, akachukua jembe, akatoka.

Mawe yalimchapa mabega. Ilikuwa mchana, lakini kilima chote kilikuwa na rangi ya majivu. Alipozunguka nyuma ya nyumba akaelewa. Kalavati la barabara ya juu lilikuwa limezibwa na matawi, na maji yaliyozoea kupita chini yake yalikuwa yameihama njia yao na kujaa kwenye mtaro wa kukinga udongo, ule unaopita nyuma ya ukuta. Mtaro umejaa pomoni. Lazima tuta lake likatwe mahali.

Kushoto kazi ilikuwa nyepesi. Huko ardhi inashuka ghafla, inapita chini ya ua wa minyaa na kufika moja kwa moja kwenye nyumba ya jirani yao, Manase. Kulia tuta lilikuwa pana, na ng'ambo yake kulikuwa na maharage yao, yameanza kukauka majani, yanangoja siku chache za jua yang'olewe. Hicho ndicho chakula walichokuwa nacho.

Dirisha la mbao likafunguka. Lucia alikuwa amejivuta hadi hapo.

"Kata kushoto."

"Kushoto ni kwa Manase, mama."

"Najua ni kwa nani. Sisi tulipokimbia na watoto mgongoni, baba yake aliingia akalala kwenye nyumba ya mume wangu. Akalima, akavuna, akazeeka. Leo mwanawe anasimama mbele ya wazee wa kilima anasema ua usogezwe kwetu tena. Kata, Efrazia."

Tangu aolewe, Efrazia hakuwahi kumkatalia mama mkwe wake jambo. Na kusema kweli, saa ile hakutaka kukataa. Alitazama kwa Manase. Mlango umefungwa, uani hakuna mtu. Labda wamekwenda Ryansoro kwa wakwe zake, alijiambia. Alikuwa bado anajiambia hivyo jembe lilipoingia kwenye tuta.

Halikuchukua muda. Udongo ulimeguka, maji yakaruka nje mekundu na kuteremka kwa kishindo. Minyaa ikatikisika. Ukutani maji yalipungua kidogo, upana wa kidole, kisha viwili. Efrazia akavuta pumzi.

Mvua ya mawe ikapungua, ikabaki mvua ya maji. Ndipo alipouona moshi. Mwembamba, mweupe, unapenya kwenye paa la jiko la Manase. Halafu akasikia mtoto mchanga analia.

Goreti, mke wa Manase, alikuwa amejifungua karibuni. Efrazia aliwaona wanawake wa kilima wakipita na vikapu kwenda kumpongeza. Yeye hakwenda.

Akaanza kurudishia udongo pale alipokata. Maji yakauchukua. Akakokota bonge zima la majani na mizizi yake, likakaa kidogo, likaondoka. Akatupa jembe, akageuka, akaketi ndani ya pengo lenyewe, mgongo wake ukiwa kizuizi. Maji yalimsukuma kama mtu anayetaka kupita mlangoni.

"Jeska! Lete mlango wa banda la mbuzi. Ung'oe!"

"Unafanya nini?" Lucia aliuliza dirishani.

Jeska alikuja na mlango kichwani, akiyumba. Wakausimamisha kwenye pengo, wakaushindilia udongo kwa mikono na magoti mpaka maji yakapungua kupita. Mtaro ukaanza kujaa upya, ukauelekea ukuta.

"Rudi kwa bibi yako. Ukisikia chochote kinapasuka, niite."

Akaokota jembe, akaenda upande wa kulia. Akainamia lile tuta pana na kulichimba bila kusimama, huku anaona kwa pembe ya jicho maji yanavyopanda. Alikuwa hajafika hata nusu, Manase alipotokea kwenye ua. Kifua wazi, matope hadi magotini, jembe mkononi. Alitazama mlango wa mbuzi uliosimama kwenye tuta. Alitazama udongo mpya uliokatwa. Kisha akamtazama yeye.

Efrazia alisimama, jembe lake amelishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekata," alisema.

"Najua. Nilikuwa naangalia ku dirisha, nilikuona." Sauti yake haikupanda. "Maji imefika ku kitanda ya mke wangu."

"Nimeziba."

"Ile nayo niliona."

Mvua iliwapiga wote wawili. Manase alipangusa uso, akatema mate pembeni, akalisogelea tuta.

"Hapa kwa juu iko mawe, utachelewa," alisema. "Tukate hapa kwa chini."

Wakachimba, yeye upande mmoja, Efrazia upande wa pili. Tuta lilipopasuka, maji yaliingia kwenye maharage na kuyalaza yote upande mmoja. Mistari ya juu iling'oka na mizizi. Efrazia hakuangalia sana.

"Mama!" Jeska aliita. "Ukuta!"

Ufa ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye kona ya dirisha. Lucia alikuwa amerudi kitandani, rangi imemtoka, lakini alipomwona Manase anaingia alinyoosha mkono.

"Usiniguse wewe."

"Mukecuru, utanitukana nikiwa nimekubeba."

Akamgeuzia bibi kizee mgongo, akainama. Efrazia na Jeska wakamnyanyua bibi, wakamweka mgongoni pake. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Walipofika uani sauti ilisikika nyuma yao, nzito, fupi, na ukuta wa nyuma haukuwepo tena.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja.

Kwa Manase sakafu ilikuwa tope. Goreti alikuwa ameketi juu ya meza na mtoto, akasogea. Wakamweka Lucia kwenye kiti karibu na dirisha, kiti pekee kikavu. Efrazia alikaa kizingitini.

"Goreti," alisema, "nilikata."

"Amenielezea." Goreti hakumtazama. Alimpa Jeska mtoto amshike, akashuka mezani, akachota kwenye sufuria na kumpelekea Lucia kikombe. "Kunywa, mukecuru. Iko uji ya mtama, iko moto."

Lucia alikipokea, kwa sababu kilikuwa kimeshaletwa mkononi. Hakunywa. Alikuwa anatazama nje. Kutoka dirisha lile nyumba yake ilionekana kwa upande ambao hakuwahi kuuona: bati lililoinama, chumba kilichobaki wazi, kitanda chake kimesimama kwenye mvua, blanketi, chandarua.

"Mnatuona hivi kila siku?" aliuliza.

"Tunawaonaka," alisema Goreti. "Asubuhi tunaona unafungua dirisha."

Mvua ilikuwa imekuwa nyembamba. Manase alikuwa ametoka bila kuaga, na sasa Efrazia alimwona kule ng'ambo ya minyaa, anapanda juu ya kifusi, anavuta blanketi, anajitwisha godoro. Alisimama katikati ya chumba kisicho na ukuta, godoro kichwani, akitazama huku na huku mahali pakavu pa kulitua.